Kimea, Uji wa Mtoto na Hukumu Tuliyoikimbilia

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, tunaomba leo tuuache kidogo mwenendo wa kawaida wa ukurasa huu. Hatutazungumza juu ya mirathi wala adabu za ndoa. Tutazungumza juu ya uji wa mtoto mchanga, na juu ya kitu kisichoonekana kwa jicho kilichomo ndani ya mbegu ya wimbi iliyoota. Tunaandika kwa sababu jambo hilo tulilitolea hukumu kabla ya kulijua, na hukumu yetu ikafika hadi kwenye tumbo la mtoto. Aliyekosea mbele ya watu hana budi kurudi mbele ya watu.

Tulikuwa tumealikwa Masimba, katika kaunti ya Kisii, si mbali na mji wa Keroka. Kijana mmoja aliyesoma kwetu chuoni tangu alif na be amehamia huko kwa biashara ya nguo. Ameoa binti wa pale pale, naye amesilimu na kuishika dini yake vizuri. Masimba ni nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai. Mtu wa pwani akifika huko hutafuta blanketi la pili usiku wa kwanza. Sokoni utakuta ndizi, parachichi na wimbi mwekundu, ule wimbi ambao wenyeji husonga ugali wao wanaouita obokima.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa na miezi tisa. Uso wake ulikuwa mchangamfu, lakini mikono yake ilikuwa membamba, na ile kadi ya kliniki inayoonyesha uzito ilikuwa na mstari uliolala badala ya kupanda. Mama yake alituambia kwamba mtoto hakatai chakula. Uji mzito humshinda kumeza, na uji mwepesi hunywa mpaka tumbo likajaa, lakini baada ya saa moja hulia tena kwa njaa.

Mama mzaa mke alikuja siku ile na kifuko kidogo cha unga. Ulikuwa unga wa wimbi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, yaani kimea. Akamwambia binti yake apike uji mzito kabisa, auache upoe kidogo, kisha atie kijiko kimoja cha unga ule. “Usikitie uji ukitokota,” akasema, “utakiua.” Kijana wetu alijua kwamba kimea cha namna hiyo ndicho kinachopikiwa busaa. Akatugeukia mbele ya wote: “Maalim, kitu hiki kinafaa?” Nasi, bila ya kuuliza swali hata moja, tukajibu: “Kinachopikiwa ulevi tukiepuke. Kimwageni.”

Yule mama hakusema neno. Alifunga kifuko chake, akakitia ndani ya kikapu, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Sisi tuliendelea na mazungumzo yetu tukidhani tumetenda wema.

Swali la mpwa wetu

Tuliporudi pwani tulimsimulia kisa hiki mpwa wetu, ambaye husomesha kemia katika shule ya upili. Tulitaraji atusifu. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kwa adabu: “Mjomba, je, mliwauliza kile kimea kinafanya kazi gani ndani ya uji?” Tukasema hatukuuliza. Akauliza tena: “Na tende je? Zabibu je? Hizo nazo hutengenezwa ulevi. Mbona Ramadhani tunafuturu kwa tende?”

Tulikaa kimya. Hili ni jambo ambalo tumelisomesha wenyewe kwa miaka mingi, na siku ile lilitutoka akilini. Tukamwomba mpwa wetu atusomeshe, naye alifanya hivyo kwa usiku tatu mfululizo, baada ya sala ya Isha. Tunayoyaandika hapa chini ni katika aliyotufundisha na tuliyoyasoma baadaye.

Wanga ni tasbihi

Unga wa wimbi, wa mahindi, wa mchele na wa muhogo, sehemu yake kubwa ni wanga. Wanga, ukiutazama kwa undani kabisa, ni mfano wa tasbihi. Kila shanga ni chembe ya sukari iitwayo glukosi, na shanga hizo zimefungamana kwa mamia na kwa maelfu. Ziko nyuzi zilizonyooka, na ziko nyingine zenye matawi kama mti. Ndani ya unga mbichi nyuzi hizi zimefungwa pamoja katika vipunje vidogo vilivyobana sana.

Tukitia unga katika maji na kuuweka motoni, joto likifika baina ya nyuzi 60 na 75 hivi, vipunje hivyo hunywa maji, huvimba, na nyuzi zake hutawanyika na kushikana. Hapo ndipo uji huwa mzito. Kwa hiyo unga kidogo tu hujaza sufuria, na mama, ili mtoto aweze kumeza, huongeza maji na kupunguza unga.

Sasa tuhesabu. Mtoto wa miezi tisa, tumbo lake huchukua kiasi cha kikombe kimoja cha chai, tuseme mililita 250. Kikombe cha uji mwepesi kina unga wa gramu 15 hivi, nao humpa nguvu ya kalori 50 tu. Lau kikombe hicho hicho kingekuwa na unga wa gramu 50, kingempa kalori 175, zaidi ya mara tatu. Lakini uji wenye unga kiasi hicho husimamisha mwiko. Mtoto hawezi kuumeza. Huo ndio mtego uliomnasa yule mtoto wa Masimba. Alikuwa akishiba maji.

Mkasi ndani ya mbegu

Mwenyezi Mungu ameiumba mbegu na akiba yake ndani yake. Mche unapoanza kuchipua hauna majani wala mizizi ya kujitafutia chakula, basi hula wanga uliomo ndani ya mbegu. Lakini wanga haulikiki mpaka ukatwekatwe. Ndipo mbegu iliyolowa maji hutengeneza kitu kinachoitwa kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zenye kazi maalumu, na kila kimoja kina kazi yake kisichoivuka. Hiki cha kukata wanga huitwa amilesi.

Amilesi ni mkasi. Huushika uzi wa tasbihi katikati, hukata, huachia, kisha hushika tena pengine. Mkasi wenyewe hauishi kwa kukata, na kwa hiyo kiasi kidogo sana hukata wanga mwingi. Nyuzi ndefu zilizokuwa zikishikana huwa vipande vifupi, na uji uliosimamisha mwiko hulegea na kumiminika. Unga haukupungua hata chembe. Kalori ni zile zile 175, lakini sasa mtoto anaweza kuzinywa.

Hata sisi tunao mkasi wa jinsi hii katika mate yetu. Msomaji atafune tonge la wali mweupe bila ya kulimeza kwa dakika mbili hivi, ataonja utamu unaanza kutokea. Huo ni wanga uliokatwa.

Wazungu walianza kukitenga kimeng'enya hiki mwaka 1833, pale Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walipokitoa katika shayiri iliyooteshwa. Lakini mabibi zetu wa bara walikuwa wakikitumia bila ya kukipa jina la kitabuni. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, pamoja na wenzao wa Sweden, walifanya utafiti juu ya uji wa watoto na kuonyesha kwamba kiasi kidogo cha unga wa kimea huulainisha uji mzito mpaka mtoto akaweza kuunywa. Jina walilotumia katika maandishi yao ya Kiingereza lilikuwa hilo hilo la Kiswahili: kimea.

Umbile la mkasi, na kwa nini moto huuharibu

Tulimwuliza mpwa wetu maana ya maneno ya yule mama, “utakiua”. Tulikuwa tumeyahesabu kuwa ni itikadi za kienyeji. Akatuambia kwamba ni kweli tupu.

Amilesi ni mnyororo wa asidi amino mia kadhaa, uliokunjwa kwa mpango maalumu. Ukinyooshwa hauna kazi. Kazi yake imo katika mkunjo wake. Wanasayansi wameona kwamba una sehemu tatu kubwa. Sehemu ya kwanza ina umbo la pipa: tepe nane zimesimama kwa mduara ndani, na nje yake zimezungukwa na visokoto vinane. Sehemu ya pili imetokeza ubavuni mwa pipa. Baina ya hizi mbili pana ufa, na ndani ya ufa huo uzi wa wanga hujilaza kama nguo baina ya meno ya mkasi. Pale ndani zipo asidi amino tatu zinazofanya ukataji wenyewe, zikitumia chembe moja ya maji kwa kila mkato. Sehemu ya tatu iko mkiani. Kisha ipo chembe ya kalsiamu, madini yale yale yanayokaza mifupa, iliyokaa kama msumari mahali ambapo pipa na ubavu wake hukutana. Msumari huo ukitoka, mkasi hulegea.

Msomaji wa pwani atafahamu vizuri zaidi tukimpa mfano wa chombo cha baharini. Mbao za jahazi, zikiwa juu ya nchi kavu, ni mbao tu. Fundi akizikunja, akazipiga misumari na kuzitia kalafati, huwa chombo. Chombo hicho kikipigwa na mawimbi makubwa kuliko uwezo wake, misumari huachia na mbao hutawanyika. Mbao ziko zote, lakini chombo hakipo tena. Moto ndio wimbi la vimeng'enya. Joto huitikisa protini mpaka mkunjo wake ukafumuka, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe katika kikaango. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi.

Amilesi ya kimea hustahimili joto kwa kiasi. Ikipita nyuzi 70 na kitu huanza kuharibika, na katika uji unaotokota hufa upesi. Kwa hiyo mama aliyekitia kimea chake katika sufuria inayotokota ataona uji hautaki kulegea, naye atadhani kimea ni kibovu. Yule mama wa Masimba hakuwa na kipimajoto wala hakusoma kemia, lakini kanuni aliijua, na aliitamka mbele yetu kwa neno moja.

Mikasi isiyoogopa moto

Hapa tuliuliza swali lingine: je, ipo mikasi isiyokufa kwa moto? Ipo, na mingine imeumbwa katika nchi yetu wenyewe.

Katika kaunti ya Baringo lipo ziwa Bogoria. Maji yake ni ya magadi, makali kiasi cha kuchoma jicho, na ukingoni mwake zipo chemchemi zinazotokota usiku na mchana mpaka wageni huchemshia mayai. Mtu angedhani kwamba mahali kama pale hapawezi kukaa kitu chenye uhai isipokuwa ndege heroe wanaopita juu yake. Kumbe ndani ya maji yale wamo bakteria, viumbe vidogo mno, ambao magadi na joto ndiyo raha yao. Na kila kiumbe lazima ale. Na wale wanaokula wanga wanao mkasi wa kukatia, unaolingana na nyumba yao.

Mwaka 2004 na 2005 mtafiti Suhaila Hashim na wenzake, miongoni mwao Francis Mulaa wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wataalamu wa chuo kikuu cha Lund huko Sweden, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya bakteria waliotolewa katika ziwa hilo, aina iitwayo Bacillus halodurans. Walikuta kwamba bakteria hao wana amilesi inayofanya kazi katika magadi makali ambayo yangeifumua amilesi ya kawaida, na kwamba mmoja wa mikasi hiyo hupendelea kuukata wanga katika vipande vya shanga sita sita.

Dunia nzima imezitafuta amilesi za namna hii. Kuna bakteria mwingine aitwaye Bacillus licheniformis, ambaye amilesi yake hukata wanga hata joto likizidi nyuzi 90. Maji ya Masimba, kwa kuwa nchi ile iko juu, huchemka karibu na nyuzi 94. Basi sufuria ya Masimba ikitokota haiusumbui mkasi ule hata kidogo. Wataalamu walipolichunguza umbile lake walikuta ni lile lile: pipa, ubavu, mkia na ufa. Kilichozidi ni ufundi wa kukaza. Sehemu zake zimebanana zaidi, zipo chembe nyingi zinazovutana baina yao, na kalsiamu imeshikiliwa kwa nguvu zaidi. Ni jahazi la mbao zile zile, lakini misumari imezidishwa na viungo vimebanwa.

Tangu miaka ya 1970 viwanda vimekuwa vikitumia amilesi kama hiyo. Wanga wa mahindi hutiwa maji na kupashwa joto zaidi ya nyuzi 100 pamoja na amilesi isiyokufa, huwa maji maji, kisha kimeng'enya kingine humalizia kazi na kuufanya sukari ya glukosi. Sukari hiyo imo katika peremende, biskuti na hata dawa za maji za kikohozi. Amilesi hutiwa pia katika sabuni za unga ili kuondoa madoa ya vyakula vya wanga. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama hujasikia jina lake mpaka leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi yake imo ndani ya nyumba yako.

Na hapa pana jambo la haki ambalo hatuwezi kulipita. Jamii ya Waendorois, ambao ndio wenyeji wa Bogoria, waliondolewa katika ardhi yao baada ya pale kufanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1973. Iliwachukua miaka mingi mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Novemba 2009, ikaamua kwamba walidhulumiwa. Viumbe vidogo vya maziwa ya magadi navyo vilichukuliwa kwenda maabara za ng'ambo, na manung'uniko yakatokea juu ya nani afaidike. Mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifunga mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya utafiti wa vijidudu hivyo, na tangu Oktoba 2014 uko mkataba wa mataifa, uitwao Itifaki ya Nagoya, unaotaka wenye mali na ujuzi wa asili washirikishwe na wapewe fungu lao. Tunalitaja hili kwa sababu kudharau ujuzi wa mtu ni mlango wa kumdhulumu. Wengine huudharau ujuzi wa wenyeji kwa kuuchukua bila ya idhini. Sisi tuliudharau kwa kuamuru umwagwe.

Hukumu yake

Sasa turudi kwenye lile tuliloulizwa. Asili ya vyakula ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kilichoharimisha mvinyo ni ulevi wake. Sababu hiyo ikiwapo, hukumu ipo, na isipokuwapo, hukumu haipo. Wanavyuoni tangu zamani walitofautisha baina ya maji yaliyorowekwa tende yakanywewa yangali matamu, na maji hayo hayo yalipoachwa mpaka yakachemka yenyewe na kulevya. La kwanza ni kinywaji halali, la pili ni haramu, na tende haina hatia.

Kimea vile vile. Kazi yake ni kuukata wanga uwe vipande vidogo na sukari. Hakitengenezi kileo. Kileo hutengenezwa na mfanyakazi mwingine kabisa, nayo ni hamira, anayeila sukari hiyo kwa muda mrefu katika chombo kilichoachwa. Uji uliotiwa kimea, ukalegea kwa dakika chache, ukarudishwa motoni na mtoto akaunywa palepale, hauna nafasi ya kulevya. Lakini mtu akiuacha siku kadhaa mpaka ukawa ulevi, hapo amevuka mpaka, na hukumu hubadilika pamoja naye.

Ama vimeng'enya vya viwandani vitokavyo kwa bakteria, wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wanavijuzisha, madhali bakteria hao wamelishwa vitu tohara na hakuna madhara yaliyothibiti. Bakteria si mnyama wa kuchinjwa. Atakaye kujiepusha mwenyewe kwa uchamungu wake, hilo ni lake. Kosa letu sisi halikuwa kujiepusha. Tulichukua ihtiyati ya nafsi yetu tukaifanya haramu ya mtoto wa mtu, nasi hatujui kitu kile kinafanya nini. Kuharimisha kilicho halali si jambo jepesi kuliko kuhalalisha kilicho haramu, na sisi wenye vilemba twapaswa kulikumbuka hilo kabla ya wengine.

Kurudi Masimba

Baada ya miezi miwili tulirudi Masimba. Tulimpigia simu kijana wetu na kumwomba atufikishe nyumbani kwa mama mkwe wake. Tulimkuta akichambua mboga uani. Tukamwambia: “Mama, tumekuja kukutaka radhi. Siku ile tulisema bila ya kujua.”

Alitutazama kwa muda, kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau: “Mwalimu, mimi nilidhani mmeona unga wangu una uchafu. Kwamba kwa kuwa mimi si wa dini yenu, mkono wangu hauwezi kumlisha mjukuu wangu.”

Ndugu wasomaji, tulijua tumekosea katika elimu ya chakula. Hatukujua kwamba tulikuwa tumemkata bibi na mjukuu wake. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga nyumba ya binti yake. Kijana wetu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliinamisha kichwa, kisha akamshika mama yule mkono na kumwomba msamaha kwa niaba yake mwenyewe.

Alitusamehe. Na kama mwalimu wa kweli, hakuishia hapo, alitufunza. Alituonyesha wimbi ulioloweshwa usiku mmoja, ukachujwa, ukatandazwa na kufunikwa majani ya migomba mpaka ukatoa vichipukizi. Alituonyesha mwingine ulioanikwa juani, akausugua kwa viganja mpaka vichipukizi vikavu vikatoka, akaupeta. Jioni twende sote nyumbani kwa binti yake, akasema, naye akachukua kikapu chake.

Uji ulipikwa mzito mpaka mwiko ukasimama. Akauacha, akauonja joto lake kwa nyuma ya kiganja, akatia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Tulitazama kwa macho yetu. Hazikupita dakika kumi, uji ule ulianza kuteleza ukingoni mwa mwiko, ukamiminika kama maziwa mazito. Ukarudishwa motoni ukatokota kidogo, ukapozwa, na mtoto akanywa bakuli zima akiwa juu ya paja la bibi yake. Kisha akalala.

Habari za karibuni ni kwamba mstari wa kadi umeanza kupanda. Hatudai kwamba ni kimea peke yake. Mama yake amezidisha kumnyonyesha, na humpa yai na parachichi. Lakini bibi huja kila Jumamosi, na hilo nalo lina lishe yake.

Kwa akina mama wanaotaka kujaribu

Tumeona tuyaweke hapa kwa ufupi mambo aliyotufunza mama yule pamoja na tahadhari za wataalamu.

Wimbi uchaguliwe safi na kuoshwa vizuri. Uloweshwe usiku mmoja, uchujwe, ufunikwe mahali safi kwa siku mbili au tatu, na uangaliwe kila siku. Ukionekana umeota ukungu, utupwe wote, kwani ukungu una sumu. Uanikwe ukauke kabisa, vichipukizi viondolewe, ndipo usagwe.

Mtama usitumiwe mahali pa wimbi bila ya maarifa, kwa kuwa vichipukizi vya mtama vina sumu na lazima viondolewe vyote.

Uji upikwe uive, uachwe upoe kidogo, ndipo kitiwe kimea, kijiko kimoja kidogo kwa bakuli. Ukishalegea urudishwe motoni utokote kidogo kwa ajili ya kuua vijidudu, kisha mtoto anyweshwe siku ile ile. Usiwekwe mpaka kesho.

Na mtoto ambaye uzito wake haupandi apelekwe kliniki kwanza, kwani huenda ana maradhi ambayo uji hauyatibu. Kimea ni chakula, si dawa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipotamka bila ya elimu, awalipe kheri waliotufunza, awakuze watoto wetu katika afya na dini, na aunganishe nyoyo za wakwe na wakwe zao. Amin.